Jimi Hendrix: Mashoto aliyelegeza nyuzi, gitaa likanguruma

KAMA umewahi kusikiliza ngoma nzito ya roki ukahisi mngurumo unakutikisa kifua kabla haujafika masikioni, kuna siri moja ndogo ambayo wapiga gitaa wanaijua vizuri. Mara nyingi, gitaa hilo limelegezwa.

Kwa kawaida gitaa la nyuzi sita hutuniwa E, A, D, G, B na E, kuanzia uzi mnene hadi ule mwembamba. Sasa zungusha vishikizo vya kichwani, ushushe kila uzi kwa nusu toni. Uzi mnene unatoka kwenye mitetemo 82 hivi kwa sekunde hadi karibu 78. Ukiiandika kwa karatasi unaona si kitu. Lakini mkazo wa uzi umepungua kwa karibu asilimia 11. Unakuwa laini chini ya kidole, unavutika kirahisi, na sauti inakuwa nzito kama ya mtu aliyeamka sasa hivi.

Leo wapigaji wa metali wanashuka chini zaidi ya hapo. Lakini miongoni mwa walioifanya nusu toni hiyo ijulikane duniani ni kijana mmoja mwembamba, mweusi, mashoto, kutoka Seattle, Marekani. Aliishi miaka 27 pekee.

Jimi Hendrix alizaliwa Novemba 27, 1942, baba yake akiwa jeshini. Mama alimpa jina Johnny Allen. Baba aliporudi kutoka vitani alilibadilisha, mtoto akawa James Marshall. Nyumbani hakukuwa na amani. Pesa zilikuwa haba, pombe ilikuwa nyingi, na wazazi waliachana. Baadhi ya ndugu zake walichukuliwa kulelewa na watu wengine. Mwaka 1958, Jimi akiwa na miaka 15, mama yake alifariki.

Huyo ndiye mtoto aliyekuwa akizunguka na ufagio shuleni akijifanya anapiga gitaa. Siku moja akimsaidia baba yake kuondoa taka kwa nyumba ya mtu, aliokota ukulele mbovu wenye uzi mmoja tu. Akaupiga uzi huo mmoja, akifuatisha kwa sikio nyimbo alizozisikia redioni. Baadaye akapata gitaa la mbao la dola 5, kisha mwaka 1959 baba akamnunulia la umeme.

Tatizo likawa mkono. Magitaa ya madukani yalitengenezewa watu wa mkono wa kulia, na ya mashoto yalikuwa adimu. Jimi hakungoja apatiwe lake. Aligeuza gitaa juu chini, akatoa nyuzi na kuzifunga upya ili ule mnene ubaki juu. Hata alipokuwa staa mwenye uwezo wa kununua chochote, bado alipanda jukwaani na Fender Stratocaster iliyopinduliwa.

Mwaka 1961 alinaswa mara mbili ndani ya magari ya wizi. Akawekewa chaguo: jela au jeshi. Akachagua jeshi, akawa askari wa miavuli kambi ya Fort Campbell, Kentucky. Huko alikutana na mpiga besi Billy Cox, rafiki aliyekuja kupiga naye tena miaka ya mwisho. Uaskari haukumkaa. Mwaka uliofuata aliachiliwa, akaanza kuhangaika na gitaa.

Miaka minne ikaenda hivyo. Alipiga nyuma ya wasanii wakubwa kama Isley Brothers na Little Richard, akizunguka miji ya kusini ambako mtu mweusi hakuruhusiwa kula hoteli yoyote aliyotaka. Kazi ya mpiga gitaa wa nyuma ni kuvaa sare, kusimama kwa mstari na kunyamaza. Jimi alishindwa kunyamaza, na Little Richard si mtu wa kukubali kufunikwa kwa jukwaa lake mwenyewe.

Hapa msanii chipukizi unayesoma haya, tulia kidogo. Oktoba 1965, akiwa New York mfukoni hana kitu, Jimi aliwekewa karatasi mbele na prodyusa mmoja. Mkataba wa miaka mitatu. Malipo ya kusaini: dola 1. Mgao wa mauzo: asilimia 1. Akaweka sahihi, kisha akaendelea na maisha kana kwamba karatasi hiyo haipo.

Mwaka 1966 bahati ikageuka. Chas Chandler, aliyekuwa mpiga besi wa bendi ya The Animals, alimwona akipiga kwenye kilabu kidogo cha New York. Septemba 24 wakatua London. Wakatafutwa Mitch Mitchell wa ngoma na Noel Redding wa besi, na katika miezi michache jiji zima lilikuwa likimzungumzia. Albamu ya kwanza, Are You Experienced, ilitoka Mei 1967. Juni akarudi kwao Marekani kwa tamasha la Monterey, akapiga gitaa hadi mwisho, kisha akalimwagia mafuta na kulichoma moto.

Watu walikumbuka moto. Kilichobaki kwa muziki ni zile nyuzi.

Kilichokuwa kinamsumbua Jimi ni sauti yake mwenyewe. Mtu aliyepiga gitaa kwa meno mbele ya maelfu alikuwa na aibu ya kuimba, na studioni alipenda kujificha nyuma ya kizuizi asionekane. Njia rahisi ya kusaidia koo isiyotaka kupanda juu ni kushusha muziki uifuate. Kuanzia mwaka 1967, hasa jukwaani, gitaa lake likawa likishushwa nusu toni, na besi nayo ikashuka pamoja nalo ili zisigongane. Albamu ya pili, Axis: Bold as Love, ilipotoka Desemba, kulegeza nyuzi kulikuwa sehemu ya sauti yake.

Faida ikawa mara mbili. Nyuzi laini zilimruhusu kuzivuta mbali kuliko wenzake, hadi gitaa likawa linalia, linaguna na kuuliza maswali. Na chini, amplifaya za Marshall zikiwa zimefunguliwa hadi mwisho, mngurumo ukajaa kama lori linalopanda mlima.

Asubuhi ya Agosti 18, 1969, aliusikizisha ulimwengu. Tamasha la Woodstock lilikuwa limevuta watu zaidi ya 400,000, lakini ratiba ilichelewa hadi Jumatatu, na wengi walikuwa wameshaondoka. Mbele ya uwanja wa matope, Jimi alipiga wimbo wa taifa wa Marekani bila neno hata moja. Kati ya mistari gitaa likatoa sauti za ndege, mabomu na watu wanaolia. Vita vya Vietnam vilikuwa vinawaka, na mpigaji alikuwa askari wa miavuli wa zamani. Hakuna aliyehitaji maelezo.

Kumbuka ile karatasi ya dola 1? Jina lilipokuwa kubwa, mwenye mkataba alijitokeza na kudai chake. Kesi ikamfuata Jimi karibu hadi mwisho wa maisha yake. Ili kuimaliza upande wa Marekani, ilibidi atoe albamu nzima, Band of Gypsys, iliyorekodiwa New York Januari 1, 1970. Albamu nzima, kwa sababu ya sahihi ya siku moja.

Agosti 26, 1970, alifungua studio yake, Electric Lady, mtaa wa Greenwich Village. Haikupita hata mwezi. Septemba 18, jijini London, alikuwa amemeza vidonge vingi vya usingizi akakabwa na matapishi. Hakuacha wosia, na familia iliingia katika mivutano ya mali iliyodumu miongo. Baba yake alipata haki za muziki huo mwaka 1995 tu. Studio bado inafanya kazi hadi leo.

Miezi saba kabla ya kifo hicho, bendi changa ya Birmingham, Black Sabbath, ilikuwa imetoa albamu yake ya kwanza. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, pia ni mashoto. Alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na miaka 17, hivyo nyuzi ngumu zilikuwa mateso kwake. Kufikia albamu ya Master of Reality mwaka 1971, alikuwa ameshuka nusu toni tatu. Hapo ndipo metali ilipata sauti yake nzito. Mmoja alishusha nyuzi gitaa likutane na koo lake, mwingine alizishusha kuokoa vidole vyake.

Kwa hivyo kama una gitaa nyumbani, jaribu. Nusu toni haidai nyuzi mpya. Ukitaka kushuka hadi D au chini zaidi, nunua nyuzi nene, la sivyo zitalegea hadi zianze kugongagonga freti. Na mwambie mwenzako wa besi mapema, mshuke pamoja.

Halafu ukiletewa karatasi ya kusaini, isome hadi mstari wa mwisho. Gitaa ukilituni vibaya unalirekebisha kwa dakika mbili. Sahihi haina vishikizo vya kuzungusha.