Richard Kandt: Daktari aliyefuata Mto Nile hadi msituni Nyungwe, kisha akaanzisha Kigali

Katika mtaa wa Nyarugenge, jijini Kigali, ipo nyumba ya matofali yenye paa jekundu ambayo leo ni makumbusho. Inabeba jina la daktari wa magonjwa ya akili kutoka Ulaya, aliyefika Rwanda mwaka 1898 akitafuta chanzo cha mto na kurudi miaka kadhaa baadaye kuweka msingi wa mji. Alikuwa Richard Kandt. Maisha yake ni simulizi ya safari ndefu katika nyanda za juu zenye baridi, mvua na misitu mizito. Ni simulizi pia ya watu waliobeba mizigo ya safari hiyo vichwani, na ambao majina yao hayakuandikwa juu ya mlango wa nyumba yoyote.

Kandt alizaliwa tarehe 17 Disemba 1867 katika mji wa Posen, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Prussia na leo ni Poznań nchini Poland. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Kantorowicz. Kandt ni jina alilolichukua ukubwani. Alisomea udaktari na kuhudumu katika hospitali za wagonjwa wa akili kusini mwa Ujerumani. Hakuwa mwanajeshi wala mtumishi wa serikali, na hakuna aliyemtuma Afrika. Aliiacha kazi yake kwa sababu swali moja lilikuwa limemshika: maji ya Mto Nile yanaanzia wapi hasa?

Swali lililobaki bila jibu

Wazungu wengi wa zama hizo waliamini kwamba swali hilo lilikwisha kujibiwa. Mwaka 1862 Mwingereza John Hanning Speke alisimama mahali ambapo Nile inatoka katika Ziwa Victoria, akatangaza kuwa ziwa hilo ndilo chanzo. Lakini ziwa nalo hulishwa na mito, na mkubwa kuliko yote ni Kagera, unaoingia kutoka magharibi. Mwaka 1892 Oscar Baumann kutoka Austria aliufuata mto Ruvubu hadi katika milima ya Burundi, akadai kuwa huko ndiko mwanzo wa Nile.

Kandt hakuridhika. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza lakini ngumu kuthibitisha: panapokutana mito miwili, mtafutaji sharti apime ni upi wenye maji mengi zaidi, aufuate huo, kisha afanye vivyo hivyo katika makutano yanayofuata, hadi afike mahali ambapo hakuna tena mto wa kufuata. Kazi ya namna hiyo haiwezi kufanyika juu ya ramani. Hufanywa kwa miguu.

Msafara kutoka pwani

Mwaka 1897 Kandt aliwasili katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Njia yake ilikuwa ileile iliyotumiwa na misafara ya biashara kwa miongo mingi, kutoka pwani hadi Tabora, na kutoka hapo kuelekea kaskazini magharibi. Msafara wa wakati huo ulikuwa kama kijiji kinachotembea. Walikuwepo wapagazi, kila mmoja na mzigo wa karibu kilo 30, wanyapara waliowasimamia, askari wenye bunduki, wapishi, watumishi wa hema, na mara nyingi wake na watoto wa wapagazi. Mizigo ilikuwa mahema, dawa, vyombo vya kupimia, na mitumba ya nguo na shanga zilizotumika kununulia chakula njiani.

Lugha iliyouunganisha umati huo ilikuwa Kiswahili. Mpagazi wa Kinyamwezi, askari kutoka pwani na daktari kutoka Posen walielewana kwa lugha hiyo. Kwa namna hiyo, misafara kama ya Kandt ni miongoni mwa njia zilizoifikisha lugha hii katika milima ya Rwanda, nchi iliyokuwa na lugha yake moja na ambayo, tofauti na majirani wake, haikuwa imewafungulia milango wafanyabiashara wa pwani.

Mwaka 1898 msafara ulifika makutano ya Ruvubu na Kagera, karibu na maporomoko ya Rusumo. Kandt alilinganisha maji ya mito yote miwili. Aliona kwamba tawi linalotoka Rwanda ndilo kubwa, akaiacha njia ya Baumann na kugeukia magharibi. Tawi hilo ni Nyabarongo, mto unaoizunguka Kigali ya leo upande wa magharibi na kusini.

Mfalme ambaye hakuwa mfalme

Nchi aliyoingia ilikuwa katika kipindi kigumu. Mwami Kigeli Rwabugiri alifariki mwaka 1895, na mwaka uliofuata mrithi wake, Rutarindwa, aliangushwa katika mapambano ya Rucunshu. Kiti kilichukuliwa na Yuhi Musinga, aliyekuwa bado kijana mdogo, huku madaraka yakiwa mikononi mwa mama yake Kanjogera na wajomba zake.

Kandt alipofika katika makao ya kifalme, wakuu wa baraza hawakumwonyesha Musinga. Walimketisha mbele yake mtu mzima aitwaye Mpamarugamba, aliyevikwa mavazi ya ufalme. Kwao ilikuwa tahadhari ya busara, kwani hawakujua mgeni amebeba nini moyoni, na afisa wa Kijerumani aliyetangulia alikuwa amepokewa kwa njia hiyohiyo. Kandt alitilia shaka, kwa kuwa umri wa mtu yule haukulingana na habari alizokuwa amezisikia. Hata hivyo aliendelea na safari yake.

Ndani ya Nyungwe

Kuanzia hapo njia ilipanda. Vilima vya mashamba ya maharage na mtama viliachwa nyuma, na mbele ukasimama msitu wa Nyungwe, ulio kati ya mita 1,600 na zaidi ya mita 2,900 juu ya usawa wa bahari. Nyungwe umekaa juu ya mgongo wa milima unaotenganisha mabonde mawili makubwa ya Afrika. Mvua inayoanguka upande mmoja huelekea Mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Inayoanguka upande wa pili huelekea Nile na Bahari ya Mediterania.

Kwa wapagazi waliotoka katika nchi za joto, hayo yalikuwa mateso. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, ukungu hufunika mabonde hadi jua limepanda sana, na usiku baridi hupenya katika nguo nyepesi na mahema yaliyolowa. Miteremko ni mikali, udongo unateleza, na chini ya miti kuna mianzi, miiba na vinamasi. Mtu aliyebeba kilo 30 kichwani hawezi kutumia mikono yake kujishikilia. Akiteleza, anaanguka pamoja na mzigo.

Mto nao uliendelea kugawanyika. Nyabarongo huanzia pale Mwogo na Mbirurume inapokutana. Mwogo nao hupokea maji ya Rukarara, unaoshuka kutoka Nyungwe. Katika kila makutano Kandt alipima na kuchagua, na vipimo vikampeleka Rukarara. Mto ukawa kijito, na kijito kikawa mchirizi chini ya majani. Mwezi Agosti 1898 alifika mwisho wake: bonde dogo lenye unyevu ambamo maji hayabubujiki bali yanadondoka tone kwa tone. Kwa hesabu yake, hapo ndipo ulipoanzia mto unaosafiri zaidi ya kilomita 6,600 hadi Misri.

Wenyeji waliijua Rukarara kwa jina muda mrefu kabla ya mgeni huyo kuzaliwa. Kandt hakuwaonyesha mto wao. Alichokifanya ni kuunganisha, kwa vipimo, tone la Nyungwe na bahari iliyo mbali, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuwa na sababu ya kulifanya kabla yake.

Baada ya safari hiyo aliweka makao Shangi, kando ya Ziwa Kivu, akaishi huko miaka kadhaa akichora ramani na kukusanya mimea na wanyama. Nyani wa dhahabu wa milima ya Virunga, ambaye leo watalii hupanda kwenda kumtazama, ana jina la kisayansi linalotokana na lake. Mwaka 1904 alichapisha mjini Berlin kitabu chake Caput Nili, maana yake kichwa cha Nile, kilichosomwa sana Ujerumani. Ni kitabu cha mtu anayejua kutazama, lakini pia kina fikra za wakati wake: aliwaeleza Watutsi, Wahutu na Watwa kwa mizani ya matabaka na asili za watu ambayo wakoloni waliofuata waliitumia na kuikaza, na ambayo Rwanda ililipia gharama kubwa.

Mji juu ya kilima

Mwaka 1907 Ujerumani ilimteua Kandt kuwa Residenti wake wa kwanza wa kiraia nchini Rwanda. Aliichagua Kigali kwa kuwa ilikuwa karibu na katikati ya nchi, mahali ambapo njia za misafara zingeweza kukutana, na kwa kuwa ilikuwa mbali kidogo na Nyanza, palipokuwa na makao ya Mwami. Ujerumani ilikusudia kutawala kupitia Musinga, na Residenti alikuwa na watumishi wachache tu wa Kizungu pamoja na askari wake.

Kilimani hapo palikua soko. Walikuja wafanyabiashara wa Kihindi, Waarabu na Waswahili, wakifuatiwa na makarani, askari na mafundi kutoka pwani na Tabora. Msikiti wa Al-Fatah, Nyamirambo, uliojengwa mwaka 1913, ni alama ya jamii hiyo. Wajukuu na vitukuu vyao wangali wakisikika wakizungumza Kiswahili katika vichochoro vya Biryogo.

Amani ya utawala huo haikuwa amani kwa wote. Mwaka 1912 uasi wa Ndungutse kaskazini mwa nchi ulizimwa kwa mtutu wa bunduki na majeshi ya Kijerumani yakishirikiana na baraza la kifalme. Na milima iliendelea kudai roho za watu. Februari 1908, muda mfupi tu baada ya kuanzishwa kwa Kigali, mwanajiolojia Egon Kirschstein, aliyekuwa katika msafara wa kisayansi wa Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alinaswa na dhoruba ya theluji na mvua ya mawe katika Mlima Karisimbi, wenye kimo cha mita 4,507. Wapagazi 20 walikufa kwa baridi. Kirschstein mwenyewe alinusurika. Tofauti kati yake na wao ilikuwa kile kilichovaliwa mwilini, na nani aliyekuwa na uwezo wa kuamua kama msafara upande au urudi.

Mwisho wa safari

Kandt aliondoka Rwanda kwa likizo mwishoni mwa 1913. Vita Kuu vilipozuka mwaka uliofuata alikuwa bado Ujerumani, na njia ya kurudi ikafungwa. Alihudumu kama daktari wa jeshi, akadhurika kwa gesi ya sumu mwaka 1917. Mei 1916 majeshi ya Ubelgiji yalikuwa yamekwisha ingia Kigali, na utawala aliouanzisha ulikuwa umekoma. Alifariki tarehe 29 Aprili 1918 katika hospitali ya kijeshi mjini Nürnberg, akiwa na umri wa miaka 50, na akazikwa katika mji huo.

Mabishano kuhusu chanzo cha Nile hayakufa pamoja naye. Katika miaka ya 1930 Mjerumani Burkhart Waldecker alijenga piramidi ndogo huko Rutovu, Burundi, kuonyesha chanzo cha kusini zaidi. Machi 2006 wasafiri kutoka Uingereza na New Zealand, waliopanda Nile kwa mashua kutoka Misri, walifika Nyungwe na kutangaza chanzo cha mbali zaidi katika mfumo uleule wa Rukarara. Jibu hutegemea swali linaloulizwa: chanzo cha mbali zaidi, cha kusini zaidi, au chenye maji mengi zaidi. Mwaka 2023 msitu wa Nyungwe uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Kigali, iliyoanza kwa nyumba chache za Residenti, imekuwa mji mkuu wa nchi tangu uhuru wa 1962, na leo ina wakazi zaidi ya milioni moja. Mwaka 2017 bunge la Rwanda lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne, na mwaka huohuo makumbusho ya Nyarugenge yakafunguliwa upya yakieleza historia ya ukoloni wa Kijerumani. Mgeni anayeyazuru hujifunza mengi kuhusu mwenye nyumba. Habari za wapagazi waliomfikisha Rukarara hana budi kuzitafuta kwingine: katika lugha waliyoiacha, na katika mitaa ambako bado inazungumzwa.