Apolo Kivebulaya, mhubiri aliyeshika jembe Mboga

Ndugu msikilizaji, kila tunapokuwa na kipindi kinachogusa dini, swali moja halikosekani: mtu akisema ameamini, jirani yake atamjulia wapi? Leo hatutalijibu kwa hoja. Tunakuletea maisha ya mtu ambaye majirani zake walimchunguza kwa jicho la uadui kabla hawajakubali neno lolote alilowaambia. Jina lake ni Apolo Kivebulaya. Alikuwa Mganda, akafanya kazi Toro, magharibi mwa Uganda, na Mboga, sehemu ambayo leo inaitwa Boga na ipo Ituri, mashariki mwa Kongo. Alifariki mwaka 1933. Ukifika Fort Portal utakuta chuo cha ualimu chenye jina lake, lakini wengi wanaolitaja jina hilo hawajui huyu Canon Apolo alikuwa nani.

Kijana wa Buganda

Alizaliwa mnamo 1864 katika eneo la Singo, Buganda. Walizaliwa mapacha, ndiyo maana akaitwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kiume aliyetangulia.

Alikua katika kipindi cha vurugu. Waislamu walikwishafika ikulu ya Kabaka Mutesa pamoja na misafara ya pwani. Mwaka 1877 wakaja Waprotestanti kutoka Uingereza, na 1879 wakaja Mapadri Weupe, Wakatoliki. Vijana wakajifunza kusoma, wakaitwa wasomaji, na kila dini ikawa na wasomaji wake. Mutesa akafa 1884, mwanawe Mwanga akashika kiti, na baada ya hapo Wakristo wengi waliuawa. Kuanzia 1888 makundi ya dini yakapigana kwa bunduki yakigombea nani atawale.

Waswa aliwahi kumsikia Alexander Mackay, yule fundi na mmisionari ambaye baadaye alihamia Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, akafia huko 1890. Lakini vita vilipowaka, Waswa alipigana upande wa Waislamu. Ni muhimu tuliseme hili, kwa sababu simulizi nyingi za watu wa dini huanza kana kwamba mhusika alizaliwa na Biblia mkononi. Huyu aliijua bunduki kwanza. Alikuwa kijana mkubwa wa miaka thelathini hivi alipobatizwa, Januari 1895, akachukua jina la Apolo.

Hilo jina la pili, Kivebulaya, lilitokana na mavazi. Inasimuliwa kwamba alipenda kuvaa koti la kizungu, na watu wakamtania kwamba ni kitu kilichotoka Bulaya, yaani Ulaya. Utani ukageuka jina, na jina likabaki.

Mke wake alifariki mapema. Apolo hakuoa tena maisha yake yote.

Mahali ambapo walimu walishindwa

Mwaka 1895 alitumwa Toro, ambako Mfalme Kasagama alikuwa ameanza kuwapokea walimu wa Kikristo. Mwishoni mwa 1896 akatumwa mbali zaidi, kupita Rwenzori na kuvuka bonde la mto Semliki hadi Mboga, kwa chifu aliyeitwa Tabaro.

Hakuwa wa kwanza kwenda. Walimu wengine kutoka Buganda walimtangulia wakarudi kwao, na kilichowarudisha ni njaa. Utaratibu ulikuwa kwamba mwalimu anafundisha, na chifu na watu wake wanamlisha. Tabaro akakataa kuwalisha. Na kwa desturi ya Waganda wa wakati ule, kulima chakula, hasa kushughulikia migomba, ilikuwa kazi ya wanawake. Mwanamume mwenye heshima zake, tena mwalimu anayejua kusoma, kushika jembe mbele ya watu ilikuwa aibu. Chifu aliijua desturi hiyo. Hakuhitaji kumfukuza mtu. Alisubiri tu tumbo lifanye kazi yake.

Apolo alipofika Mboga akachukua jembe akalima.

Msikilizaji wa shambani unaweza usione ajabu hapo, maana wewe unalima kila siku. Lakini fikiria mwalimu mgeni anayefika kijijini kwenu na kitabu na nguo safi, halafu alfajiri mnamkuta shambani amepiga magoti akipanda viazi, akifanya kazi ambayo wanaume wa kwao wanaicheka. Kwa maoni yangu hapa ndipo kazi yake yote ilipoanza, kabla ya mahubiri yoyote. Chifu alikuwa na silaha moja tu iliyowashinda waliotangulia, na silaha hiyo ikawa haina makali tena. Mtu anayejilisha mwenyewe huwezi kumfukuza kwa njaa, wala huwezi kumsema kwamba amekuja kula vya watu.

Tabaro alikuwa na hofu ya haki

Ni rahisi kumfanya Tabaro kuwa mtu mbaya wa hadithi. Tusifanye hivyo. Tazama mambo kwa upande wake. Miaka ile ile Waingereza walikuwa wanasambaza utawala wao kutoka Buganda kwenda magharibi, na Waganda ndio waliokuwa mikono yao. Pale ngome ilipojengwa, mwalimu wa dini hakuwa mbali. Walimu hao walifundisha kwa Luganda, wakabeba na desturi za kwao, na wakati mwingine na dharau za kwao. Chifu wa mahali padogo mpakani, anapomwona Mganda amejenga nyumba ya sala kwenye ardhi yake, ana haki ya kujiuliza nani anafuata nyuma.

Zaidi ya hapo, mafundisho yenyewe yaligusa nyumba yake. Apolo alipinga ulevi, alipinga hirizi na matambiko, na alipinga kuoa wake wengi, jambo ambalo kwa chifu lilikuwa sehemu ya siasa yenyewe, kwa kuwa kila ndoa ilikuwa undugu na ukoo mwingine.

Kwa hiyo upinzani ukawa mkali. Nyumba ya sala ilichomwa moto. Apolo alichapwa viboko vikali hadi akaachwa nyikani akidhaniwa amekufa, na mwanamke mmoja akamficha na kumuuguza kwa siri mpaka akapata nafuu. Akasimama, akarudi kufundisha pale pale.

Mkuki na gereza

Balaa kubwa likaja 1898. Siku hiyo watu walikuwa wanakata nyasi na matete ya kujengea kanisa. Mkuki wa Apolo ulikuwa umeachwa ndani ya nyasi. Dada wa Tabaro akauangukia, akafa.

Ilikuwa ajali. Lakini fikiria maiti ni ya dada wa chifu, mkuki ni wa yule mgeni ambaye chifu anatafuta sababu ya kumwondoa. Apolo alishtakiwa kwa kuua, akafungwa minyororo, akapelekwa ng'ambo kwa maofisa wa Kiingereza, akatupwa gerezani.

Ni katika gereza hilo ndipo lilipotokea jambo alilolieleza hadi mwisho wa maisha yake. Aliandika kwamba usiku, akiwa amekata tamaa, alimwona Yesu Kristo aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo kwa kuwa yupo pamoja naye. Wewe unaweza kulipokea jambo hilo kwa imani yako, au ukalipima unavyoona. Lililo wazi kwa kila mtu ni kilichofuata. Kesi ya kuua haikusimama, akaachiliwa. Alikuwa na njia ya heshima ya kurudi Buganda, na hakuna ambaye angemlaumu. Alivuka tena Semliki akarudi Mboga, kwa mtu yule yule aliyemshtaki.

Tabaro alimtazama aliyerudi. Alikuwa amemnyima chakula, nyumba ya sala imechomwa, mtu amepigwa hadi karibu na kufa, amefungwa kwa kesi ya damu, na bado yupo, analima, anafundisha, na hasemi habari za kulipiza kisasi. Chifu akaomba kufundishwa. Akabatizwa, akaitwa Paulo. Nadhani si bahati tu kwamba alipewa jina la yule mtume ambaye alianza kwa kuwatesa Wakristo.

Mtu anaweza kusema Tabaro alisoma tu alama za nyakati, akaona serikali mpya inakuja na dini yake, naye akajiweka salama. Inawezekana sababu hiyo nayo ilikuwamo. Lakini kama ni hesabu ya siasa, angeweza kuomba mwalimu mwingine yeyote. Alimpokea huyu aliyemtesa.

Miaka ya kazi isiyo na kelele

Apolo alipewa ushemasi mwaka 1900 na Askofu Alfred Tucker, na upadri 1903. Miaka mingi iliyofuata aliifanyia Toro, akitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji, akianzisha makanisa na kuandaa walimu. Hapo hakuna visa vya mikuki, kwa hiyo wasimulizi huipita haraka, nasi tutafanya vivyo hivyo.

Wakati huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wanakata mipaka. Kwa mapatano ya mwaka 1910 Mboga ikaangukia upande wa Kongo ya Wabelgiji. Kanisa dogo la Kianglikana likajikuta peke yake katika koloni ambalo serikali yake ilizungumza Kifaransa na kuwapendelea Wakatoliki. Apolo aliomba kurudi kwa waumini wake, na kuanzia 1915 Mboga ikawa tena nyumbani kwake hadi kufa. Hakuna mmisionari wa Kizungu aliyekaa naye huko. Kazi ilikuwa mikononi mwake na ya walimu aliowalea.

Na kulea ndiko hasa alikokuwa anakufanya. Nyumba yake ilijaa vijana, wengine yatima. Aliishi nao, akalima nao, akawafundisha kusoma, na baadhi yao ndio aliowatuma kuwa walimu. Alichokuwa nacho aligawa. Vijana wale hawakuhitaji kusikia mahubiri ya Jumapili kujua padri wao ni mtu wa namna gani, kwa sababu Jumatatu walikuwa naye shambani, na usiku walilala chini ya paa lake.

Kuanzia 1921 akaingia katika msitu wa Ituri kuwatafuta Wambuti, wale ambao Kiswahili cha zamani huwaita Mbilikimo. Hata hapa alisema ni Kristo aliyemwagiza. Majirani wa msitu waliwatumia Wambuti kwa nyama ya porini na kazi, lakini wengi hawakuwahesabu kuwa watu sawa nao. Apolo, ambaye alikuwa na umri wa kukaribia sitini, alienda kambini kwao, akakaa nao, akawafundisha kusoma, na akashughulikia kuitafsiri Injili ya Marko kwa lugha yao. Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, cheo kikubwa kwa Mwafrika wa wakati ule. Cheo kilikuwa Kampala. Mwenyewe aliendelea na msitu.

Kichwa kuelekea magharibi

Mwaka 1933 moyo wake ulikuwa umechoka. Alipelekwa Kampala kutibiwa, na huko wangeweza kumtunza hadi mwisho katika hospitali nzuri, karibu na ndugu zake. Alipoelewa kwamba haponi, aliomba arudishwe Mboga. Safari hiyo kwa mgonjwa wa moyo ilikuwa ndefu na ngumu, lakini alifika. Akafa tarehe 30 Mei 1933.

Alikuwa ameacha agizo moja kuhusu mazishi yake. Desturi ilikuwa kumlaza maiti kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliomba kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa kazi ya huko ilikuwa haijaisha. Wakamzika hivyo.

Walimu aliowalea waliendelea bila yeye. Kutoka Boga kanisa hilo lilienea Ituri na Kivu, kwa Kiswahili zaidi kuliko Luganda aliyokuja nayo mwenyewe. Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi, na mwaka 1992 Waanglikana wa Kongo wakawa jimbo linalojitegemea. Amani ndiyo iliyokosekana. Mwishoni mwa Mei 2021 wavamizi wenye silaha waliua makumi ya watu Boga na kijiji jirani cha Tchabi, na wengi wakakimbia, baadhi wakivuka Semliki kuelekea Uganda, njia ile ile aliyokuja nayo Apolo. Waanglikana wa nchi nyingi humkumbuka kila tarehe 30 Mei. Mwaka huo siku hiyo iliangukia Jumapili, na mashambulizi yakaja usiku wake.