Mfungwa Aliyeingia Chuo Kikuu

Mtakatifu Ignasi wa Loyola twamjua kuwa mwanzilishi wa Shirika la Yesu. Twasahau kwamba aliingia Chuo Kikuu cha Paris akiwa ametoka kifungoni. Mwaka 1527 alifungwa mara mbili huko Hispania: siku 42 mjini Alcalá, kisha siku 22 mjini Salamanca, minyororo miguuni. Kosa halikuonekana, lakini alikatazwa kufundisha mambo kadha wa kadha mpaka asome zaidi.

Basi mnamo Februari 1528 mtu huyu wa miaka 36 hivi akaketi pamoja na watoto mjini Paris, kurudia Kilatini. Fedha zake alimwekea mwenzake, naye akazitumia. Ikambidi alale katika nyumba ya maskini, ambayo mlango wake ulifunguliwa kumekucha na kufungwa jua likitua. Masomo yakampita asubuhi na jioni. Waliomwokoa ni wafanya biashara Wahispania wa Flanders, aliowaendea kuomba msaada, na Petro Favre, mdogo wake kwa miaka 15, aliyekaa naye chumba kimoja akimwelewesha Aristotle.

Akapata shahada ya Uzamili mwaka 1535. Na chuo alichokifungua Roma mwaka 1551 hakikutoza wanafunzi karo.