Selous: Mwindaji wa jicho tupu aliyepita Homa Bay akielekea vitani

Mnamo Juni 1915, meli zilizosheheni wanajeshi wa Uingereza ziliondoka Kisumu, zikapita mkabala na Homa Bay na kisiwa cha Rusinga hadi kwenye ziwa kuu. Zilikuwa zikielekea Bukoba kuvunja mtambo wa simu ya upepo wa Wajerumani, ambao mwaka uliotangulia walikuwa wamepenya eneo ambalo leo ni Migori na kupigana Kisii.

Miongoni mwa waliosafiri alikuwemo mzee wa miaka 63, Frederick Courteney Selous. Jeshi lilikuwa limemkataa kwanza kwa sababu ya umri.

Selous alizaliwa London Desemba 31, 1851. Aliwasili kusini mwa Afrika mnamo 1871, akiwa na miaka 19, na mwaka uliofuata akamwomba Mfalme Lobengula ruhusa ya kuwinda ndovu. Bunduki zake za mwanzo zilikuwa nzito, za kushindiliwa baruti mdomoni, na teke lake lilimuumiza kiasi cha kumharibia shabaha kwa miaka mingi. Baadaye alipata bunduki nyepesi zaidi. Sifa yake ilienea hadi Marekani, na Rais Theodore Roosevelt alimtegemea kupanga msafara wake wa Afrika Mashariki wa 1909. Si kila ukurasa wa maisha hayo unaopendeza: mnamo 1890 ndiye aliyewaongoza njia walowezi waliotwaa nchi ya Washona.

Vita alivyoviendea havikuwa tena vya jicho tupu. Huko Ulaya, Wajerumani walikusanya darubini za wawindaji na kuzifunga juu ya bunduki za kijeshi aina ya Mauser. Waingereza wakaiga kwa Lee-Enfield zao, wakihimizwa na mwindaji mwingine, Hesketh-Prichard. Kazi hiyo ilikuwa na taabu yake. Darubini iliyokaa juu kabisa ilizuia risasi kusukumwa ndani kwa mkupuo mmoja, hivyo nyingi za Waingereza zilifungwa ubavuni, upande wa kushoto, na mlengaji akalazimika kupinda shingo.

Afrika Mashariki mambo yalikuwa duni zaidi. Askari wengi wa Wajerumani walianza vita na Mauser za mwaka wa 1871, zenye kutoa moshi mzito uliofichua alipo mpigaji. Bunduki za kisasa ziliwafikia Aprili 1915 kwa meli ya Rubens.

Bukoba ilitekwa Juni 23. Selous akatunukiwa nishani ya DSO.

Januari 4, 1917, huko Beho Beho karibu na Mto Rufiji, risasi zilianza kuvuma kutoka vichakani. Selous aliinua kichwa, darubini mkononi, atafute zilikotoka. Mlenga shabaha wa adui akampiga kichwani. Alikuwa na miaka 65.

Jemadari wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alimkumbuka kwa heshima katika kitabu chake. Mwanawe Selous, rubani, aliuawa vitani Januari 4, 1918, mwaka mmoja kamili baada ya babake. Mbuga iliyopewa jina la Selous mnamo 1922 ilimegwa mwaka wa 2019, na kaburi lake sasa limo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.