EDWARD SAIDI TINGATINGA, MCHORAJI WA DAR ES SALAAM

1. Ujana wake

Tukisikia neno tingatinga, wengi wetu hufikiria lile gari kubwa la kusukuma udongo. Lakini Tingatinga ni jina la mtu pia. Mtu huyu hakusoma sana, wala hakuwa tajiri. Hata hivyo, jina lake linajulikana hadi Ulaya na Japani.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika Wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanzania. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alisoma miaka minne tu, kisha akaacha shule. Katika miaka ya 1950 aliondoka kwao kutafuta kazi. Kwanza alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Baadaye alihamia Dar es Salaam.

Siku zile vijana wengi wa mikoani walikuja Dar es Salaam. Walipokelewa na ndugu zao waliotangulia, wakapanga vyumba Kariakoo, Ilala na kwingineko. Edward aliishi Msasani. Alipata kazi ya nyumbani kwa Mwingereza mmoja. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 Waingereza wengi waliondoka, na kazi za namna hiyo zikapungua. Edward akawa anafanya kazi hii na ile ili apate riziki.

2. Anaanza kuchora

Mwaka 1968 hivi alianza kuchora picha. Hakuwa na karatasi ghali wala rangi za wachoraji waliosoma. Alitumia hadibodi, yaani ubao mwembamba wa kufunikia dari. Ubao huo aliukata mraba, kiasi cha futi mbili kila upande. Rangi yake ilikuwa ya mafuta, ile inayong'aa ambayo mafundi hupaka baiskeli.

Kwanza alipaka ubao wote rangi moja, akauacha ukauke. Kisha alichora mnyama mmoja mkubwa, akaujaza ubao karibu wote. Alichora chui, tembo, nyati na ndege. Mara nyingine alichora watu. Picha hizo ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, huko Oysterbay, walikokaa wageni wengi. Wageni walizipenda, wakanunua. Baadaye Shirika la Sanaa la Taifa nalo lilinunua picha zake. Edward alipata pia kazi katika Hospitali ya Muhimbili, lakini hakuacha kuchora.

3. Je, picha lazima ifanane na kitu chenyewe?

Katika shule za sanaa, wanafunzi wengi hufundishwa uhalisia. Maana yake ni kuchora kitu kama jicho linavyokiona. Mchoraji hupima urefu na upana. Huonyesha kivuli, na kitu kilicho mbali hukifanya kidogo.

Tingatinga hakufuata mambo hayo. Katika picha zake hakuna kivuli. Mwili wa chui huonekana ubavu, lakini uso umegeuka kukutazama. Madoa yake yamepangwa vizuri kama urembo wa kitenge. Kwa hiyo wako waliosema kwamba hajui kuchora.

Tufikiri kidogo. Mtoto mdogo akionyeshwa picha ile, atasema mara moja kuwa ni chui. Hatasema ni mbwa wala paka. Basi mchoraji alichagua mambo yale yanayomfanya chui awe chui: madoa, macho makali na mkia mrefu. Mengine aliyaacha. Kujua la kuweka na la kuacha nako ni ujuzi. Picha ya kamera huonyesha chui mmoja aliyesimama mbele ya kamera siku moja. Picha ya Tingatinga huonyesha chui kama watu wanavyomkumbuka na kumsimulia.

4. Kifo chake na wanafunzi wake

Tingatinga hakuuficha ujuzi wake. Aliwafundisha vijana, wengi wao jamaa zake. Miongoni mwao walikuwa January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Ajaba Abdallah Mtalia, Simon Mpata na Omari Amonde.

Mwaka 1972 polisi wa Dar es Salaam walimdhania mhalifu, wakampiga risasi, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 40 tu. Aliacha mjane na watoto wadogo. Kazi yake ya kuchora ilikuwa imedumu miaka minne hivi.

Wanafunzi wake wangeweza kutawanyika. Badala yake waliendelea kuchora pamoja na kufundisha wengine. Mwaka 1990 waliunda chama cha ushirika chenye jina la mwalimu wao. Leo watu wengi wa Dar es Salaam hupata chakula na ada za watoto kwa kuchora picha za Tingatinga.

Picha alizochora yeye mwenyewe sasa huuzwa kwa bei kubwa sana katika nchi za nje. Yeye aliziuza kwa shilingi chache. Mali hiyo hakuiona. Ujuzi aliougawa ndio uliobaki kwa wenzake.

Maswali

1. Tingatinga alitumia vifaa gani kuchorea?
2. Uhalisia katika uchoraji ni nini?
3. Ingekuwaje kama Tingatinga asingewafundisha wengine?
4. Taja ujuzi mmoja uliopo kijijini kwenu. Nani anaufundisha kwa vijana?