Ferdinand Braun: Mwalimu aliyegundua siri iliyomo kwenye chaja yako

Kila unapochomeka chaja ya simu ukutani, ndani yake inafanyika kazi ambayo chimbuko lake ni mwaka 1874. Aliyeigundua ni mwalimu kijana wa Ujerumani, Karl Ferdinand Braun.

Braun alizaliwa Juni 6, 1850, mjini Fulda. Alipata shahada ya udaktari Berlin mwaka 1872, kisha akaenda kufundisha shule mjini Leipzig.

Huko alikuwa akipitisha umeme kwenye vipande vya madini kama galena. Akaona kitu cha ajabu: umeme ulipita vizuri upande mmoja, lakini ukigeuzwa ulipita kwa shida. Alitangaza ugunduzi huo mwaka 1874, ila kwa miaka mingi haukupewa uzito.

Leo kazi hiyo inafanywa na dayodi. Umeme wa AC hugeuka-geuka, na dayodi huuruhusu kwenda upande mmoja tu, ukawa DC.

Hapa ndipo mafundi wengi wanaoanza hukwama. Transfoma imeandikwa volti 12, lakini baada ya dayodi na kapasita, mita inasoma zaidi ya 15. Transfoma mbovu? Hapana.

Ile 12 si kilele cha wimbi la AC. Kilele ni 12 mara 1.414, yaani karibu volti 17. Katika daraja la dayodi nne, umeme hupita mbili kwa wakati mmoja na kupoteza kama volti 1.4. Kapasita hujaa hadi kileleni, inabaki karibu 15.6.

Tena transfoma isiyo na mzigo hutoa zaidi ya ilivyoandikwa. Ukifunga kapasita ya volti 16, inaweza kupasuka. Fundi mzoefu anaweka ya volti 25.

Braun hakuishia hapo. Mwaka 1897, akiwa Strasbourg, alitengeneza tyubu ya kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo, ambayo baadaye ilizaa televisheni za zamani zenye mgongo. Mwaka 1909 aligawana Tuzo ya Nobel ya Fizikia na Guglielmo Marconi kwa kazi ya simu ya upepo.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, alisafiri hadi Marekani kutoa ushahidi katika kesi ya hati za uvumbuzi iliyohusu kituo cha redio cha Wajerumani. Vita ikamzuia kurudi. Mwaka 1917 Marekani nayo ikaingia vitani dhidi ya Ujerumani, na mzee akabaki nchi ya adui.

Alifariki Brooklyn, New York, Aprili 20, 1918, miezi michache kabla ya vita kuisha. Nyumbani hakurudi tena akiwa hai, lakini kazi yake leo iko karibu kila nyumba yenye umeme.