Daktari Albert Cook wa Mengo

Mwezi Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona katika Tanzania alitangazwa hapa kwetu Arusha, na siku chache baadaye ndoo za maji na sabuni zikaonekana milangoni pa maduka, ofisi na makanisa. Nyingi zimekauka sasa. Kwa hiyo tumeona vema kuwasimulia habari za tabibu mmoja wa Kanisa letu aliyejiandaa kabla maradhi hayajabisha hodi.

Albert Cook alizaliwa London mwaka 1870, akasomea uganga huko Uingereza. Mwaka 1896 alitumwa na Shirika la C.M.S. Yeye na wenzake, akiwemo muuguzi Katharine Timpson, walisafiri kutoka Mombasa, sehemu kubwa kwa miguu, wakafika Uganda Februari 1897. Mwezi Mei alifungua pale Mengo hospitali ndogo ya vitanda 12. Mwaka 1900 alimwoa Bibi Katharine.

Jambo tunalotaka mlitazame ni madaftari yake. Habari za wagonjwa waliolazwa ziliandikwa na kutunzwa, mwaka kwa mwaka. Sisi tuliokaa darasani miaka mingi twaijua faida yake: mwalimu anayeita majina kila asubuhi ndiye anayegundua kwanza kwamba surua imeingia shuleni.

Ndivyo ilivyokuwa Mengo. Februari 1901 Albert na ndugu yake, Dkt. Jack Cook, walipokea wagonjwa wenye usingizi usio wa kawaida, wakatambua kuwa ni malale, wakatoa habari. Kisababishi hakikujulikana, mwaka 1903 ndipo ilipobainika kuwa ugonjwa huenezwa na mbung'o. Dawa ya kuponya haikuwepo. Watu zaidi ya 200,000 walikufa kando ya Ziwa Viktoria, na serikali ikawahamisha waliobaki ufukoni. Hata visiwa vya Sese vikaachwa bila watu. Daftari halikuwaponya hao, wala hatudai hivyo. Lakini pasipo macho yale ya Mengo, onyo lingechelewa zaidi.

Novemba 1902 radi iliiteketeza hospitali. Ikajengwa upya kwa matofali. Kwa maoni yetu, kazi kubwa kuliko majengo ilikuwa kufundisha watu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Daktari aliwafundisha vijana wa Uganda kazi ya utabibu, na baadaye Bibi Cook akaanzisha shule ya wakunga, kazi ambayo haiwezekani pasipo mikono safi na vyombo vilivyochemshwa. Wasichana hao walikwenda kuzalisha mbali na Mengo, mahali pasipo na daktari wa kuwakumbusha kunawa.

Bibi Cook alifariki mwaka 1938, na Daktari mwezi Aprili 1951, huko Kampala. Madaftari hayakufa naye. Mwaka 1964 madaktari walichapa uchunguzi wa saratani katika Uganda tangu 1897 hadi 1956, walioupata kwa kuyafungua tena na kusoma mgonjwa mmoja mmoja.